Jina Lipo, Faili Halipo

Mwaka 1949, katika Maabara ya Hisabati ya Chuo Kikuu cha Cambridge, maktaba ya programu ilikuwa kabati. Ndani yake zilipangwa kanda za karatasi zilizotobolewa matundu, kila kanda na kazi yake: hii ya kutafuta kipeuo cha pili, ile ya kukokotoa kosine, nyingine ya kuchapa jibu kwa tarakimu zinazosomeka. Kompyuta yenyewe, EDSAC, iliyojengwa chini ya uongozi wa Maurice Wilkes na kufanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei mwaka huo, ilitunza kumbukumbu katika mirija ya zebaki, na nafasi zake zilianza kwa 512 tu. Aliyetaka programu yake itafute kipeuo cha pili hakuandika upya hesabu ile. Alikwenda kabatini, akachukua kanda, akainakili kwa mashine kwenye kanda yake mwenyewe, kisha akairudisha mahali pake ili mwenzake naye aikute.

Aliyeuwezesha utaratibu huo ni David Wheeler, wakati huo mwanafunzi wa maabara hiyo. Aliandika amri chache za kuanzia, zilizosoma kanda na kurekebisha anwani kadiri zilivyoingia, hata subrutini, yaani kipande cha programu kilichomo katika kanda ya kabatini, ikaweza kukaa popote penye nafasi katika kumbukumbu bila kubadilishwa. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walipochapisha kitabu chao kuhusu uandishi wa programu, maktaba hiyo ilikuwa imefikia subrutini 87. Lakini programu ya EDSAC haikuweza kukosa maktaba katikati ya kazi, kwa kuwa kila ilichokihitaji kilikuwa kimekwisha kunakiliwa tumboni mwake kabla haijaanza.

Huko Marekani Grace Hopper aliipa mashine kazi hiyo ya kunakili. A-0 yake ya mwaka 1952, iliyoandikwa kwa ajili ya UNIVAC, ilisoma orodha ya namba za subrutini, ikazitafuta kwenye kanda ya sumaku na kuziunganisha kuwa programu moja. Mkono wa binadamu ulipumzika, ila kanuni ilibaki ileile: kila programu na nakala yake.

Kanuni hiyo ilivunjwa na mradi wa Multics. Chuo cha MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell waliueleza mradi wao hadharani mwaka 1965, na shabaha yao ilikuwa kompyuta moja kubwa itakayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Kama kila mmoja wao angebeba nakala yake ya subrutini zilezile, kumbukumbu ingejaa vitu vilivyorudiwarudiwa. Kwa hiyo wakaamua nakala iwe moja, na programu ibebe jina tu. Programu ilipoligusa jina hilo kwa mara ya kwanza, mashine ilisimama kidogo, mfumo ukaenda kulitafuta katika sehemu zilizopangwa kwa zamu, ukaweka anwani halisi mahali pa jina, na kazi ikaendelea. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa tunalolijua leo, la maktaba isiyopatikana, maana kinachotafutwa kwa jina chaweza kukosekana.

Waliojenga Multics walilitazamia hilo, na nadhani walilishughulikia kwa heshima kuliko mifumo mingi iliyofuata. Jina lisipopatikana, programu haikuuawa. Ilisimamishwa ikiwa na hesabu zake zote, mtumiaji akaarifiwa ni kitu gani kimekosekana. Aliweza kwenda kukiandika au kukileta kipande hicho, kisha akatoa amri ya kuendelea, na programu ikashika kazi pale ilipoachia. Kwenye Linux ya leo programu iliyokosa maktaba hufia mlangoni.

Maabara za Bell zilijitoa Multics mwaka 1969. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wameufanyia kazi mradi huo, wakaanza mfumo wao mdogo wa Unix, na katika udogo huo uunganishaji wa wakati wa kazi uliachwa nje. Kila programu ilirudi kubeba nakala yake ya maktaba ya lugha ya C. Kwa miaka zaidi ya 10 hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu maktaba zilikuwa ndogo na programu zilikuwa fupi.

Kilichobadilisha mambo ni madirisha. Mfumo wa X, ulioanza MIT mwaka 1984, ulileta michoro, vitufe na kipanya kwenye kompyuta za Unix, na pamoja navyo maktaba nene. Programu ndogo ya kuonyesha saa ilijikuta imebeba msimbo mkubwa wa kuchora, ile ya barua vilevile, ile ya kuandikia vilevile, zote zikikaa kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja. Kampuni ya Sun Microsystems, iliyokuwa ikiuza kompyuta za mezani kwa wahandisi, haikuweza kulifumbia macho. Mwaka 1987 Robert Gingell na wenzake watatu walieleza katika mkutano wa USENIX namna walivyolitatua, na mwaka 1988 SunOS 4.0 ikatoka ikiwa na maktaba za pamoja. Msimbo wa maktaba sasa ulitafsiriwa kwa namna inayouruhusu kukaa kwenye anwani yoyote, nakala moja katika kumbukumbu ikatumiwa na programu zote, na kipakiaji maalumu kikapewa kazi ya kuzitafuta maktaba kila programu inapoanza. Pamoja nacho zilikuja zana ambazo fundi wa leo angali anazishika kila siku: amri ya `ldd`, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji na mahali zilipopatikana, na kigezo cha `LD_LIBRARY_PATH`, kinachokiongezea kipakiaji folda za kutafutia.

Linux ilipoanza mwaka 1991 ilipitia njia yenye tabu zaidi. Maktaba zake za kwanza za pamoja, za muundo wa a.out, hazikuweza kukaa popote. Kila maktaba ilitengewa anwani zake za kudumu katika kumbukumbu, kama viwanja vya mji vinavyogawiwa kwa namba, na ilibidi pawepo na daftari la nani amepewa wapi. Maktaba mbili zikipewa eneo moja hazingeweza kutumika ndani ya programu moja, na maktaba iliyokua kupita mpaka wake ilikuwa msiba. Kujenga maktaba mpya kulikuwa kazi ya wachache waliozijua taratibu hizo. Suluhisho lilikuwapo tayari: muundo wa ELF, uliotoka katika Unix System V Release 4 ya AT&T na Sun. Mwaka 1995 H.J. Lu, Eric Youngdale na wenzao walikuwa wameufikisha kwenye Linux, mfumo wa Linux wa Slackware 3.0 ukautumia mwaka huohuo, na ule wa Debian 1.1 ukafuata Juni 1996.

ELF ndiyo iliyotupa umbo la kosa kama tunavyoliona sasa. Ndani ya kila programu ya muundo huu inayotumia maktaba za pamoja mna orodha ya majina ya maktaba inazozihitaji, na kwa kawaida jina lina namba mwishoni: `libc.so.5`, `libm.so.5`. Namba hiyo ina uzito. Mtunzi wa maktaba anapobadilisha kitu kitakachovunja programu za zamani, anapaswa kuipandisha. Asipovunja chochote, anaiacha. Kwa hiyo namba ni ahadi kwamba programu iliyojengwa kwa ajili ya 5 itaelewana na kila 5. Kipakiaji kinaposema "error while loading shared libraries" na kutaja jina, kinamwambia msomaji ni ahadi ipi hasa imekosa mtu wa kuitimiza. Ndiyo maana huwa nawasihi vijana wanaojifunza kazi hii waisome sentensi ile mpaka mwisho. Wengi huishia kwenye neno la kwanza, wakaifuta programu na kuiweka upya, na kosa likawakuta palepale.

Ahadi hiyo ilijaribiwa vikali miaka miwili tu baadaye. Maktaba ya C ya Linux, `libc.so.5`, ilikuwa tawi lililojitenga zamani na maktaba ya C ya mradi wa GNU. Matawi hayo yalikuwa yameachana mno, na Januari 1997 ilitoka glibc 2.0, maktaba hiyo ya GNU iliyosimamiwa na Ulrich Drepper, kuchukua nafasi ya `libc.so.5`. Ikapewa jina la `libc.so.6`. Red Hat 5.0 iliihamia Desemba 1997, Debian 2.0 ikafuata Julai 1998.

Kwa mwenye msimbo chanzo, uhamaji ule ulikuwa usumbufu wa kutafsiri upya. Kwa mwenye programu iliyokwisha kutafsiriwa na mtengenezaji wake, kama kivinjari cha Netscape, hali ilikuwa ngumu zaidi. Programu yake ilitaka 5, mfumo wake mpya ulikuwa na 6. Hata akiileta `libc.so.5` kutoka mfumo wa zamani, maktaba za X zilizokuwa kwenye mfumo mpya zilijengwa juu ya 6, na maktaba mbili za C zikiingia ndani ya programu moja hugombana: moja inatenga kumbukumbu kwa utaratibu wake, nyingine inaiachilia kwa utaratibu mwingine, na programu inaanguka. Ilibidi kila maktaba iwe na pacha wake wa zamani. Debian ilitenga folda nzima, `/usr/lib/libc5-compat`, kwa ajili ya mapacha hao, na programu za zamani zikaendelea kutumia kipakiaji chao cha `ld-linux.so.1` huku mpya zikitumia `ld-linux.so.2`. Kipindi kile kilifundisha jambo ambalo bado ni kweli, kwamba maktaba haitembei peke yake. Ukileta moja, uliza nayo inamtegemea nani.

Ni katika miaka hiyohiyo watu walianza kukutana na sura ya pili ya kosa, ile ambayo faili lipo na bado halionekani. Fundi anatafsiri maktaba mwenyewe, inawekwa `/usr/local/lib`, anaiona kwa macho yake, lakini programu inadai kwamba haipo. Kipakiaji cha Linux hakizunguki diski nzima. Kinaanza na njia zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe na zile za `LD_LIBRARY_PATH`, kisha kinatazama orodha iliyotayarishwa mapema, `/etc/ld.so.cache`, na mwishowe folda za msingi za mfumo. Orodha ile huandikwa na amri ya `ldconfig`, na mtu asipoiendesha baada ya kuweka maktaba mpya, orodha inabaki ya jana. Kipakiaji hakitazami pia folda ambamo programu imekaa, tofauti na Windows inayoanzia hapohapo. Anayehama kutoka Windows hushangaa, lakini tahadhari hiyo husaidia usalama. Kama kipakiaji kingekubali maktaba yoyote iliyo karibu, mtu mwovu angeweka `libc` ya kughushi katika folda na kumsubiri msimamizi aendeshe programu iliyomo mle. Kwa sababu hiyohiyo programu zinazopewa mamlaka ya msimamizi hupuuza `LD_LIBRARY_PATH`.

Upande wa Windows nao ulikuwa na maumivu yake. Maktaba zake za DLL zilikuwapo tangu toleo la kwanza la 1985, na kwa miaka mingi kila programu mpya iliweza kumwaga maktaba zake katika folda moja ya mfumo, ikifunika zilizokuwamo hata kama zake ni za zamani zaidi. Programu iliyofanya kazi asubuhi ilikufa jioni kwa sababu ya mchezo uliowekwa mchana. Windows 2000 ilianza kuyalinda mafaili ya mfumo yasifunikwe, na Windows XP ya 2001 ikaruhusu matoleo mbalimbali ya maktaba moja yakae pamoja. Lakini mazoea mabaya yalikuwa yameota mizizi, na hadi leo mtu akiambiwa kuna DLL imekosekana hukimbilia kuitafuta mtandaoni na kuipakua popote aionapo. Namwomba msomaji asifanye hivyo kamwe. Faili hilo litaendeshwa ndani ya programu yako likiwa na haki zako zote. Lichukue kwa mtengenezaji wake, au liache.

Mtu aweza kuuliza kama usumbufu wote huu unastahili. Jibu lilipatikana Machi 2002, lilipotangazwa tundu la usalama katika zlib, maktaba ya kubana data inayotumiwa na programu zisizo na idadi. Pale zlib ilipokuwa ya pamoja, msimamizi alibadilisha faili moja, akawasha upya huduma zake, na programu zote zikawa zimepona. Pale watunzi walipokuwa wameinakili ndani ya programu zao, kila programu ilibidi isakwe, itafsiriwe upya na isambazwe upya, na nyingine hakuna aliyejua kwamba zinayo. Hata kerneli ya Linux ilikuwa na nakala yake. Tangu hapo sijasikia hoja inayonitoa kwenye msimamo kwamba maktaba za usalama na za kusoma data kutoka nje zinapaswa kuwa za pamoja.

Mwaka uliofuata, Aprili 2003, AMD ilitoa Opteron, na kompyuta za kawaida zikaanza kuhamia biti 64. Hapo likaja kosa lenye maneno ya kupotosha kuliko yote. Mtu anaandika jina la programu ya zamani ya biti 32, anajibiwa kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Anatazama, faili lipo. Anabadilisha ruhusa, haisaidii. Kisa ni kwamba kila programu ya ELF inayotumia maktaba za pamoja hubeba ndani yake jina la kipakiaji chake. Kerneli inalisoma, inakwenda kutafuta `/lib/ld-linux.so.2`, haikioni kwa sababu mfumo una kile cha biti 64 tu, na inarudisha jibu la kukosa faili. Kilichokosekana ni kipakiaji, lakini jibu linachapwa kando ya jina la programu. Hapo `ldd` haisaidii sana. Amri ya `file` ndiyo itakayosema kama programu ni ya biti 32, na `readelf -l` itaonyesha kipakiaji inachokitaka. Debian 7 ya Mei 2013 iliwezesha maktaba za aina zote mbili zikae pamoja kwa utaratibu mmoja, na tangu hapo dawa yake kwenye Debian na Ubuntu ni kuongeza aina ya i386 kwa `dpkg --add-architecture i386`, kusasisha orodha ya vifurushi na kuweka `libc6:i386`. Kosa hilohilo humpata leo anayechukua programu iliyojengwa kwa glibc na kuiendesha kwenye Alpine, inayotumia maktaba nyingine ya C, musl: programu ipo, kipakiaji hakipo, jibu ni lilelile.

Tukio lililowafikia watu wengi miaka ya karibuni ni la Aprili 2022. Ubuntu 22.04 ilitoka ikiwa na toleo jipya la maktaba ya usimbaji, OpenSSL 3.0, na `libssl.so.1.1` ya toleo la nyuma haikuwemo tena. Programu nyingi zilizokuwa zimetafsiriwa na wengine zikagoma kuanza. Ushauri ulioenea upesi ulikuwa kutengeneza jina la bandia, `libssl.so.1.1`, linaloelekeza kwenye `libssl.so.3`. Ushauri huo ni mbaya. Namba ilipandishwa kwa sababu ahadi ya zamani ilikuwa imevunjwa. Kipakiaji kitakagua, kitagundua kwamba matoleo ya alama zilizomo hayalingani, na kitakataa kwa ujumbe mwingine. Na katika maktaba zisizo na ulinzi huo programu yaweza kuanza, kisha ikaharibu data kimyakimya. Wengine walichukua kifurushi cha 1.1 kutoka Ubuntu ya nyuma. Hicho kilifanya kazi, na kama hatua ya siku chache sikilaumu, lakini watunzi wa OpenSSL waliacha kuihudumia 1.1.1 kwa umma Septemba 2023, na maktaba ya usimbaji isiyozibwa matundu haifai kubaki kwenye seva. Njia iliyo sawa ilikuwa kumtaka mtengenezaji atoe programu iliyojengwa upya, na watengenezaji wengi walifanya hivyo.

Wapo waliochoka na kurudi Cambridge. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, huweka karibu kila kitu ndani ya faili moja. Docker, iliyotoka 2013, husafirisha programu pamoja na maktaba zake zote. Ni zana nzuri na nazitumia, lakini hazikuliondoa deni la 2002: ukibeba nakala yako, ni wewe utakayeiziba siku tundu litakapotangazwa.

Na ukiamua kutumia maktaba za pamoja, shika ukweli mmoja wa glibc. Tangu 1997 hadi leo jina lake kwenye kompyuta za kawaida za Linux ni `libc.so.6`, haijawahi kutoa 7. Badala ya kupandisha namba, kila kazi mpya hupewa alama ya toleo lake ndani ya maktaba ileile, na za zamani huachwa zilipo. Ndiyo maana programu iliyotafsiriwa kwenye mfumo wa zamani huendelea kufanya kazi kwenye mpya, lakini iliyotafsiriwa kwenye mpya hukataliwa na wa zamani kwa ujumbe kwamba `GLIBC_2.34` haikupatikana, au namba nyingine ya namna hiyo. Kwa hiyo wewe unayetoa programu kwa ajili ya wengine, itafsiri kwenye mfumo wa zamani kabisa unaokusudia kuuhudumia, na uandike waziwazi maktaba zinazohitajika na namba zake.